Fimbo Ishirini za Sibrand

Paris, siku ya pili baada ya Watakatifu Wote, mwaka wa Bwana 1271. Kwangu mimi ni mwaka wa thelathini na saba tangu nilipoondoka nyumbani.

Dada yangu Tetta,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu Hayo, na mpwa wangu Bauwe, na huyo mumewe Onno ambaye sijapata kumwona. Namsalimu pia Padre Menko, ambaye anakusomea barua hii na kuigeuza kutoka Kilatini. Namwomba asiruke mistari kama mwaka juzi, alipodhani kwamba habari za malaika hazikuhusu.

Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua wakati wa kupanda ngazi, na macho yangu sasa yanataka dirisha. Jibini uliyowapa wachuuzi wa ng'ombe ilinifikia mwezi wa Septemba, panya wakiwa wamekwisha kuionja upande mmoja. Nilikaa mezani na mwalimu mwenzangu kutoka Normandi. Akanusa, akasema, "Sibrand, hii inanuka farasi aliyenyeshewa." Nikamwambia, "Ndivyo kunavyonuka kwetu. Kama huitaki, sogeza hapa fungu lako."

Kazi yangu ni ile ile. Asubuhi wanafunzi wanaketi chini juu ya nyasi kavu, nami nasoma kifungu, natoa swali, napinga, najibu. Mwanafunzi asiyeelewa huandika upesi kuliko wote. Kitabu changu kimefika mbali. Kinahusu ahadi: nini kinaifanya ahadi ifunge, nani anaweza kuifungua, na kama hali ikibadilika mtoa ahadi amebaki na deni gani. Kitakuwa na maswali arobaini. Nimekwisha kuandika ishirini na tisa. Muuza vitabu wa hapa huwaazima waandishi wa nakala karatasi za kitabu hicho fungu kwa fungu, kila mmoja ananakili lake na kurudisha. Fungu la tano liliangushwa mtoni na kijana mmoja wa Pikardi, nami nimelazimika kuliandika upya kwa kukumbuka. Naona limekuwa bora kidogo, lakini sijamwambia.

Wakati wa Majilio nitasimama katika mdahalo wa wazi, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuuliza lolote. Mwaka jana waliniuliza kama malaika anaweza kuchelewa.

Maji yalikuwaje vuli hii, na tuta la bahari je? Kila mwaka nauliza, na kila mwaka Hayo ananijibu neno moja, "Limesimama." Nalisubiri neno hilo.

Ndugu yako,
Sibrand

*

Kwetu, juma la pili baada ya sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, 1272

Kaka Sibrand,

Padre anataka nianze na baraka. Nimemwambia baraka aweke yeye, ndiyo kazi yake, mimi nitaweka habari.

Hatujambo. Ng'ombe wawili wamezaa, mmoja ndama wa kiume, mmoja wa kike. Siagi ni ya kutosha. Bauwe ana mimba, na amekuwa mkali kama bata anayeatamia. Onno anazungukia nyuma ya zizi ili asipite mbele yake. Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Sikukujibu mapema kwa sababu ya barafu, na kwa sababu nyingine.

Hicho kitabu chako cha ahadi, kaka! Padre aliposoma mahali hapo nilicheka hadi ng'ombe akageuza shingo. Padre akasema, "Tetta, mama, nini cha kuchekesha? Ni elimu kubwa hiyo." Nikamwambia, "Muulize alimwahidi nini baba siku ile anaondoka, baba ameshika mfuko wake hataki kuuachia." Najua unakumbuka. Ulisema: majira saba ya baridi, baba, kisha narudi kushika tuta. Baba alihesabu saba. Akahesabu na ya nane, akisema labda ulianza kuhesabu ulipofika. Baada ya hapo hakuhesabu tena, na sisi hatukumkumbusha.

Sikuandikii kwa hilo. Hilo ni la zamani, na wewe ni mtu mkubwa.

Naandika kwa sababu ya fimbo zako ishirini. Shamba ni lako, wewe ndiye mtoto wa kiume pekee, na shamba lina kipande chake cha tuta la kuzuia bahari, urefu wa fimbo ishirini, kama kila shamba lilivyo na chake. Tangu baba afariki Hayo amezishika kwa jina lako. Mwaka huu Hayo hatazishika, na waamuzi walimkubali Hayo tu kuitikia kwa jina lako, si Onno. Ubbo, mwamuzi wa tuta, alikuja nyumbani akakaa, akanywa maziwa, akasema mambo ya hali ya hewa mpaka nikamwambia, "Ubbo, sema ulilokuja nalo, maziwa yanakwisha." Ndipo akasema. Katika ukaguzi wa tuta siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, litaitwa jina lako mara tatu. Kama hukusimama juu ya fimbo zako, waamuzi watachomeka beleshi katika tuta kwa niaba yako. Atakayeling'oa amechukua tuta na shamba na nyumba, na sisi tunatoka na vyungu vyetu. Unaijua sheria, umezaliwa nayo. Jirani yetu Wiard amekwisha kuja mara mbili kupima uwanja kwa macho.

Basi njoo, au sema.

Dada yako,
Tetta

*

Paris, juma la Pasaka, 1272

Dada yangu Tetta,

Kristo amefufuka. Nawasalimu wote, na huyo mtoto anayengojewa namsalimu kabla hajafika.

Barua yako imenikuta katika mafua ya Kwaresima, baada ya siku arobaini za maharage na samaki wa chumvi. Sasa ni mzima. Mdahalo ulikwenda vizuri. Mwanafunzi mmoja mrefu, mwana wa mfua chuma, alisimama nyuma kabisa akauliza: mtu anayetimiza wajibu kwa mkono wa mtu mwingine, je, ameutimiza? Siku ya pili nilijibu kwamba ndiyo, mradi yule mwingine amekubali kwa hiari. Kwa maana wajibu huitazama kazi ifanywe, hautazami kidole cha nani kimechubuka. Walimu wenzangu walipiga sakafu kwa visigino, na hapa kwetu hiyo ndiyo sifa.

Kuhusu tuta, nimefikiri kwa utaratibu niliouzoea, nawe utanivumilia.

Swali: je, yampasa Sibrand kurudi kushika fimbo zake? Yaonekana kwamba yampasa. Kwanza, kwa sababu shamba na tuta havitenganishwi, na mwenye kimoja anacho kingine. Pili, kwa sababu aliahidi. Kinyume chake: mtu wa miaka hamsini na sita aliyeshika kalamu tangu ujana hawezi kubeba udongo mbichi, na hakuna afungwaye na lisilowezekana. Najibu kwamba yapasa kutofautisha. Kurudi kuna namna mbili, kwa mwili na kwa nia. Kwa nia, sijawahi kuondoka. Kwa mwili, inategemea mambo ambayo hayajajulikana bado: kama kitabu kitakwisha, kama njia ni salama, na kama shemeji Hayo anaweza kuendelea mwaka mmoja zaidi.

Hujaniambia Hayo ana nini. Ni mgongo? Alikuwa na mgongo mbaya tangu harusi yenu. Mwambie apake mafuta ya bata na alale juu ya ubao.

Kwa sasa nimetafuta njia iliyo bora kwa wote. Pamoja na barua hii pokea hati. Nimeiandika kwa mkono wangu, wameishuhudia walimu wanne wa teolojia, na imepigwa mhuri wa nta nyekundu. Kwayo nakupa wewe Tetta shamba, nyumba na fimbo ishirini, uzimiliki kama ningezimiliki mimi. Nilizingatia kila pingamizi. Padre Menko aisome mbele ya waamuzi, na jambo litakuwa limekwisha.

Ndugu yako,
Sibrand

*

Kwetu, siku tano kabla ya Yohane Mbatizaji, 1272

Kaka Sibrand,

Bauwe amejifungua mtoto wa kike, na wote wawili wana sauti. Nyasi za kwanza zimekatwa. Hatujambo.

Padre alisoma barua yako jioni, nami nikiwa nakamua. Alipofika kwenye zile namna mbili nikamkatiza, "Padre, anakuja au haji?" Akasema, "Subiri, bado hajafika hapo." Nikamaliza ng'ombe wa kwanza, nikahamia wa pili. "Sasa je?" "Sasa anakuja kwa nia," akasema. Nikamwambia, "Nia ilale wapi? Kitanda ni kimoja."

Hati yako tuliipeleka. Nikwambie ilivyokuwa, maana ulifanya kosa ambalo hata Onno asingefanya, na Onno hajui kusoma.

Padre alipanda juu ya tuta nayo mkononi, upepo unataka kumnyang'anya. Akasoma Kilatini kwanza, kisha akaigeuza. Watu wakatulia kwa adabu. Ubbo akanyoosha mkono, "Hebu." Akaitazama mbele na nyuma, akaunusa ule mhuri.

"Ngozi ya nini hii?"

"Ya ndama," Padre akamjibu.

"Maskini ndama. Sasa niambie, Padre. Nikiiweka pale kwenye ufa, itazuia maji?"

Watu walikufa kwa kicheko. Na mimi nilicheka, kaka, usinichukie. Wiard akapaza sauti kutoka nyuma, "Iongezwe mhuri mwingine, labda itazuia!" Nikamgeukia, nikamwambia, "Wiard, nyamaza. Fimbo zako zimejaa mashimo ya fuko, na kinywa chako vilevile." Hapo wakacheka kunipa haki yangu.

Kisha Ubbo akasema taratibu, si kwa ubaya, "Tetta, kaka yako ni msomi, amesahau. Tuta halipewi mtu kwa ngozi kutoka mbali. Mwenyewe akiwa hai haliachi, hata akisimama hapa; linapita kwa kifo tu." Nikamuuliza, "Na mtu aliye hai ambaye hasimami hapa?" Akafikiri. Wazee wakafikiri naye. Mzee mmoja akakumbuka jambo lililofanywa enzi za babu yake. Mwenye fimbo akisema mwenyewe, kwa maneno ya wazi, kwamba harudi, na maneno hayo yakasomwa juu ya tuta, basi anahesabiwa amekufa. Jina lake halitaitwa tena. Hana mahali pa kuzikwa katika kilima cha kanisa karibu na baba. Na mrithi wake anashika kama mrithi wa marehemu. Ubbo akasema, "Lakini iwe sentensi ambayo mtu mwenye beleshi mkononi anaielewa. Zile namna mbili asituletee."

Mrithi ni mimi, na baada yangu Bauwe, na Onno ana mgongo mzima. Hilo lingetutosha.

Sikuombi useme hivyo. Wala sikuombi usiseme. Mimi pia sijui nataka nini. Asubuhi nataka hivi, jioni nataka vile. Kitanda chako kile kipo. Lakini Mtakatifu Mikaeli hangoji.

Dada yako,
Tetta

Dada yako ananiuliza, "Padre, mbona unaandika bado? Nimekwisha maliza."

Nimemjibu, "Naandika baraka, Tetta."

Magister Sibrand mheshimiwa, haya nayaandika chini bila kuyasoma kwa sauti, na Mungu anisamehe uongo huo mdogo. Dada yako amenikataza mara tatu. Hayo alifariki siku ya Mtakatifu Andrea, vuli iliyopita. Ulikuwapo upepo wa kaskazini, na ufa ulitokea katika fimbo zako. Alisimama siku tatu ndani ya maji hadi kiunoni akipanga nyasi na udongo, hadi pakaziba. Alirudi nyumbani anatetemeka, na siku ya sita nikampaka mafuta matakatifu. Barua yako, ile ya kusubiri neno lake, ilifika juma moja baadaye. Nilimsomea Tetta hadi mwisho. Alisema, "Mwandikie kwamba limesimama," kisha akasema, "Hapana, usiandike." Hataki uje kwa ajili ya kaburi, na hataki ujue ni tuta la nani lililomuua. Mimi nimeona ni haki ujue.

Menko, paroko.

*

Paris, siku ya Kupalizwa Maria Mbinguni, 1272. Miaka thelathini na saba na miezi minne.

Dada yangu Tetta,

Nakupa pole. Nimechelewa miezi minane na nusu, na usimgombeze Padre Menko. Mimi ndiye niliyeuliza habari za mgongo. Mpe Bauwe mkono wangu, na mtoto mbusuni kwenye paji la uso. Onno mwambieni kwamba mjomba wa mkewe anamjua jina.

Barua hii nimeiandika kwa lugha yetu ya nyumbani, ili Padre asome tu, asigeuze. Imenichukua siku nne. Nimegundua kwamba sikuwahi kuiandika, na maneno mengine ilinibidi niyatamke kwa sauti chumbani kwanza, kama mtu anayemwita paka.

Nilipopata barua yako darasa lilikuwa likinisubiri. Nilikwenda. Nilisoma kifungu, kisha nikafunga kitabu, nikawaambia wanafunzi kwamba katika mdahalo wa Majilio nilijibu vibaya. Mwalimu hapa hasemi hivyo. Akibadili rai, husema kwamba hakueleweka. Yule mrefu, mwana wa mfua chuma, akasimama.

"Magister, kosa liko katika hoja gani? Ya kwanza au ya pili?"

"Katika hoja hakuna kosa," nikamwambia. "Nilisema wajibu hauangalii kidole cha nani kimechubuka. Basi wajibu hauangalii. Lakini mwenye kidole yupo, na mimi sikumtazama."

"Hilo tuliandikeje, Magister?"

"Andikeni kwamba jibu limefutwa."

Wakaandika. Mwalimu wa Normandi alikuja kwangu baadaye, amekunja uso. Akasema nimewapa wapinzani wangu kamba ya kunifungia, na kwamba kitabu chote sasa kitasomwa kwa mashaka. Huenda ni kweli. Swali la kumi na mbili linasimama juu ya jibu lile, na maswali sita yanasimama juu ya la kumi na mbili. Nimeyatoa yote saba. Sijui kama nitaishi kuyaandika upya.

Sasa ahadi. Hujaniuliza kwa nini, kwa miaka thelathini hujauliza, na baba hakuuliza. Nitakwambia. Katika mwaka wa saba niliondoka Paris kurudi. Nilitembea hadi soko kubwa la Flandria, na huko nikawakuta watu wa kwetu wakiuza ng'ombe. Nilisimama karibu nao nikiwasikiliza. Mmoja alikuwa anamtania mwenzake kwamba ng'ombe wake ni mzee kuliko mkwewe. Nilielewa kila neno. Nilikuwa na nauli, nilikuwa mzima, walikuwa wanaondoka kesho yake, na wangenichukua bure. Nikageuka nikarudi Paris. Kwa miaka yote nimejiambia kwamba ilikuwa kwa ajili ya elimu, kwa ajili ya swali ambalo lilikuwa halijakwisha. Swali hilo hata silikumbuki tena. Nilirudi kwa sababu nilikuwa na furaha huku, na huko nisingekuwa nayo. Sina hoja nyingine. Nimeandika maswali ishirini na tisa juu ya ahadi, na hili halimo hata katika moja.

Ulisema kitanda kipo. Nimekifikiria sana kitanda hicho. Safari ni majuma sita, na kwa punda ningefika. Lakini fikiri nami, Tetta, mara hii bila namna mbili. Nikija, jina linabaki langu, na kazi itafanywa na Onno. Atasimama ndani ya maji kwa fimbo za mtu mwingine, kama Hayo alivyosimama, nami nitakaa karibu na moto nikila uji wenu wa shayiri na kumsimulia mtoto habari za malaika. Mtu mmoja ametosha. Onno akiingia majini, aingie kwa kilicho chake.

Kuhusu kilima cha kanisa, najua ninachokiacha. Nilikuwa nimejichagulia mahali, upande wa baba usio na upepo. Mlazeni hapo mwingine, au Hayo mhamishieni, kama Padre ataruhusu.

Usilie mbele ya Wiard.

Haya yafuatayo ni ya kusomwa juu ya tuta, siku ya Mtakatifu Mikaeli, mbele ya Ubbo na waamuzi wote. Padre ayasome mara moja tu, kwa sauti, na asiongeze kitu.

Mimi ni Sibrand, mwana wa Edzard. Nina fimbo ishirini za tuta, na sijazishika hata siku moja, alizishika Hayo. Nina akili timamu, na hakuna aliyenilazimisha. Nilimwahidi baba yangu kwamba nitarudi. Sitarudi.